Kandili Juu ya Kigoda cha Babu

"Kushoto kidogo. Kidogo, fundi, mbona unataka kufika Turiani!"

Yakobo aliisogeza kandili kushoto, upana wa kidole kimoja. Mguu wake mmoja ulikuwa kwenye ngazi, mwingine ulikuwa unatafuta pa kukanyaga.

"Hapa?"

"Hebu rudisha."

"Agnes, nikirudisha inakwenda palepale ilipokuwa asubuhi."

"Basi palepale ndipo penyewe. Piga msumari."

Akapiga. Na angeambiwa apigilie msumari kwenye wingu linaloshuka mlimani, angepanda ngazi akajaribu. Yakobo alikuwa na miaka thelathini na mbili, seremala mwenye karakana yake karibu na soko la Mkuyuni, mtu ambaye wateja humwogopa kwa sababu hapendi kuelekezwa kazi. Lakini akiwa mbele ya Agnes alikuwa mpole mpaka vijana wa karakana wakamcheka waziwazi.

Alianza kumpenda siku ya jeneza. Miaka miwili nyuma, bibi yake Agnes alipofariki, Yakobo ndiye aliyetengeneza jeneza. Agnes alikuja karakana macho yamevimba, akapitisha kiganja ndani ya lile sanduku, kona kwa kona, akasema, "Hapa panakwaruza, kaka. Bibi yangu alikuwa na ngozi laini." Yakobo alipapiga msasa pale mahali mpaka jua likazama. Tangu siku hiyo hajawahi kushika msasa bila kumkumbuka.

Nyumba yenyewe waliyokuwa wanaipamba ilikuwa juu ya Mkuyuni, upande wa Matombo, mlimani kwenye migomba na mikarafuu. Sasa ilikuwa ya Agnes. Ndivyo ilivyo kwa Waluguru wa kule: nyumba na shamba hufuata upande wa mama, na bibi alishatamka mbele ya ukoo kwamba yake inakwenda kwa mjukuu huyu. Mwanamume anayeoa hapo ndiye hubeba begi lake akahamia kwa mke.

Na huyo mwanamume alikuwa njiani. 

"Eustace anafika tarehe ishirini na nne," Agnes alisema, akimpa msumari mwingine. "Mjomba Mwinshehe naye anatoka Gairo siku hiyohiyo, aje amwone. Nataka mtu akivuka kizingiti tu aseme, hapa ni nyumbani."

"Atasema," alijibu Yakobo, msumari umo katikati ya meno.

"Umesemaje?"

"Nimesema atasema!"

"Sasa mbona unafoka?"

"Sifoki. Nina msumari mdomoni."

Agnes akacheka. Alikuwa akicheka anainamisha kichwa pembeni kama anayesikiliza kitu mbali. Yakobo akageukia ukuta haraka, akapiga msumari wa pili ambao hakuna aliyemwagiza.

*

Jamani, mwanamke yule alikuwa na jicho!

Kazi yake mjini Morogoro ilikuwa kushona mapazia, na Desemba ilipoanza alifunga duka akapanda nyumbani kwa mama yake. Alikuwa ameona kwenye simu namna watu wa nje wanavyopamba nyumba za shamba kwa vitu vya kale wakati wa Krismasi, wenyewe wanaita vinteji. Wao wananunua vitu vichakavu kwa makusudi. Agnes alitazama zile picha, kisha akatazama stoo ya bibi yake, akacheka peke yake. Kila kitu kilikuwemo.

"Sitaki hata kipande kimoja cha plastiki," alimwambia Yakobo siku ya kwanza. "Nyumba hii ivae nguo zake yenyewe."

Yakobo aliona gunia la katani lililokuwa limehifadhia mahindi. Agnes aliona kitambaa cha meza. Alilifua mara tatu, akalipinda pembeni kwa uzi mwekundu, na meza ndefu ya mninga ikapata heshima. Vile vitambaa vyeupe alivyofuma bibi, vilivyokuwa vinalala migongoni mwa makochi miaka yote, alivitia wanga akavitundika madirishani, na jua la asubuhi likipita, ukuta wa pili unajaa maua ya kivuli. Mdalasini wa shambani aliufunga mafungumafungu pamoja na machungwa yaliyokatwa vipande na kukaushwa juu ya bati. Ukiingia tu sebuleni unatamani chai.

Mti wa Krismasi ulikuwa tawi la msonobari, limesimamishwa ndani ya kinu cha bibi. Nyota zake zilikuwa maganda ya mahindi. Chini yake likakaa pango la Noeli, alilolitengeneza Yakobo kwa mbao za dirisha la zamani, rangi ya bluu bado imebaki kwenye nyufa.

"Usiipige msasa hiyo rangi," Agnes alikuwa amemwambia.

"Imechakaa."

"Bibi aliipaka mwenyewe mwaka aliozaliwa mama. Iache."

Yakobo aliiacha, na mbao zilipokaa mahali pake akaona kuwa Agnes alikuwa sahihi. Alianza kuzoea kuona hivyo. Alikuwa na miaka kumi na tano ya kugeuza vitu vya zamani kuwa vipya, na hapa akawa anafundishwa kuviacha vionekane vilivyo, na hakuona aibu hata kidogo.

Mama Judith, mama yake Agnes, alitoka kuchuma mboga bondeni na kapu kichwani, akaingia sebuleni, akasimama.

"Haki ya Mungu," alisema, mkono mdomoni. "Mama yangu yumo humu ndani."

Akalitua kapu akakaa chini, akalia kidogo. Agnes akalia naye. Yakobo akatoka nje kuangalia ngazi yake.

Jioni ile Agnes alipiga picha, akamtumia Eustace. Jibu lilichukua saa nzima. Alipolipata alianza kulisoma kwa sauti, kwa furaha, na sauti ikawa inashuka kadiri alivyosoma.

"Hahaha babe, hiyo ni nyumba au makumbusho? Usijali, nakuja na mti wa kisasa na taa za rangi. Tutarekebisha."

Agnes aliigeuza simu kifudifudi mezani.

"Anatania," Agnes alisema. "Ni mtu wa utani sana."

"Eeh," Yakobo alijibu.

"Na ameshaahidi kufuata mila zetu. Atahamia hapa, atakuwa anashuka Dar kwa kazi zake. Amesema mwenyewe."

"Ni vizuri."

Yakobo akainama mlangoni akaanza kulainisha kitasa ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

*

Kandili za bibi zilikuwa saba na zote zimevunjika vioo. Yakobo alipanda pikipiki mpaka Morogoro mjini, kwa Vinubhai, mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa ambalo baba yake ndiye aliyelifungua. Ndani mna vitu ambavyo hata Vinubhai mwenyewe amesahau kuwa anavyo.

"Vioo vya kandili?" Mzee alivua miwani. "Mwaka huu wa leo? Umeme umekatika huko kwenu?"

"Ni mapambo, Vinubhai. Ya Krismasi."

Mzee aliingia stoo, akarudi na boksi lenye vumbi, akavifungua vioo kimoja kimoja kutoka kwenye magazeti ya zamani. Yakobo alivipokea kwa mikono miwili, akaviinua mwangani, na mzee akamtazama.

"Safi kabisa. Sisi taa zetu za sikukuu tuliwasha mwezi wa kumi, nyumba nzima, mke wangu anapanga mpaka chooni. Nyumba ni ya nani?"

"Ya Agnes. Mjukuu wa yule bibi wa juu ya Mkuyuni, aliyekuwa akikuletea iliki."

"Aaa! Na wewe ni nani kwake?"

"Fundi."

"Fundi." Vinubhai akaanza kuvifunga tena vioo, polepole. "Mafundi wengi wananunua hapa. Wanakuja na orodha, wanagombana, wanaondoka. Hakuna anayeshika kioo hivyo kama ameshika mtoto mchanga. Umemwambia?"

"Amechumbiwa, mzee."

"Sikuuliza amechumbiwa. Nimeuliza umemwambia?"

Yakobo alilipa. Alifunga boksi kifuani kwa kamba badala ya kuliweka kwenye kerea, na njia nzima ya kupanda mlima aliendesha taratibu hadi watembea kwa miguu wakampita.

*

Kandili sita zikapata misumari yake. Ya saba Agnes alihangaika nayo siku mbili. Dirishani haikumridhisha, mezani haikumridhisha. Mwisho akaingia stoo akatoka na kigoda cha miguu mitatu, cheusi kwa kushikwashikwa, katikati pamebonyea kwa kukaliwa.

"Hiki hapa!" alisema. Akakiweka nje barazani, kulia kwa mlango, akaweka kandili juu yake na kuzungushia tawi la msonobari. "Angalia, fundi. Angalia!"

Yakobo aliangalia. Mwanga wa jioni ulikuwa umelala kwenye lile bonde la kigoda. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba ile, ukimtoa mwenye nyumba.

"Ni mtu wa kazi aliyekitengeneza," alisema. "Hakina msumari hata mmoja."

Mama Judith alitokeza, akakiona. Akafungua mdomo.

"Agnes, hicho kigoda..."

"Kizuri, eeh, mama?"

Mama alimtazama binti yake anavyong'aa uso, akameza alichotaka kusema.

"Kizuri, mwanangu. Mjomba wako akija ataeleza."

*

Tarehe ishirini na nne, saa nane mchana, mvua ilikuwa imepungua na kubaki manyunyu. Ujumbe wa Eustace ukaingia: "Nipo Mkuyuni. Hii barabara yenu ni balaa, gari linateleza. Nachelewa."

Agnes alikuwa jikoni na mama yake, moshi na viungo mpaka kwenye nywele. Yakobo alikuwa amepanga kuondoka saa sita, kabla ya mgeni kufika, maana kuna vitu mtu hapaswi kujilazimisha kuviona. Lakini aliona tone la maji likidondoka barazani, juu kidogo ya mlango. Akapanda ngazi kuziba bati.

"Hodi wenyewe!"

Mzee mmoja alikuwa ameteremka kwenye bodaboda, kofia ya kufuma kichwani, kifuko cha karanga begani. Alikuwa Mwinshehe, kaka mkubwa wa Mama Judith, ndiye mjomba mwenye neno la mwisho kwenye ndoa za ukoo ule. Ni Mwislamu, na kila Noeli hutangaza kwamba kusali anasali kwake, hapa anakuja kula.

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unafanya nini huko juu na manyunyu haya?"

"Bati linavuja. Nimeona nilizibe kabla wageni hawajaingia."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mzee. Nimeona tu."

"Ameona tu," Mzee Mwinshehe alijiambia, na uso ukaanza kufunguka. Akapapasa mlango. "Na huu uliliwa na mchwa mwaka jana. Nani kautengeneza?"

"Mimi."

"Na hizo taa? Hilo pango ninaloliona ndani?"

"Nimetengeneza mimi, lakini macho ni ya Agnes. Yeye ndiye aliyejua kila kitu kikae wapi. Mimi nimefuata tu."

"Umefuata tu! Uko hapa tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Unakula wapi?"

"Hapahapa, mzee. Mama ananipikia."

Mzee akashusha pumzi ndefu, akaweka chini karanga zake.

"Alhamdulillahi. Shuka. Shuka nikuone." Yakobo akashuka. Mzee akamshika mkono, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye sugu za kiganja. "Judith aliniambia kwenye simu mkwe anatoka Dar, mtu wa ofisini. Nimekaa Gairo nina hofu wiki nzima."

"Mzee, mimi natoka Mkuyuni..."

"Bora zaidi! Simu ya Judith mbovu, siku zote nasikia nusu."

"Hapana, mzee, subiri..."

"Usinikatize, nazungumza na mkwe wangu." Akageuka, akaona kigoda, akakunja uso. "Na hii nayo nani kaiweka hapa? Hiki si cha taa."

Akaiinua kandili, akainyoosha kushoto kwake bila kuangalia anampa nani, na Yakobo akaipokea. Mzee akakifuta kigoda kwa shuka lake la begani.

"Baba yetu alikuja nyumba hii na begi na shoka, hana kingine. Alitumika kwa mama mkwe wake msimu mzima. Akaezeka, akapalilia, akapasua kuni, anakula anachopikiwa. Siku ukoo ulipomkubali ndipo alipokalishwa hapa, kulia kwa mlango. Kabla ya hapo alikuwa anakaa kwenye gogo kule nje. Tangu afariki hakuna aliyekikalia." Akamwekea Yakobo mkono begani. "Kaa."

Yakobo alijua anachopaswa kufanya. Alikijua vizuri. Lakini mkono wa mzee ulikuwa mzito, na nisiwafiche, moyo wa Yakobo mwenyewe ulitaka. Akakaa.

Kilimwenea kama kilichongwa kwa kipimo chake. Alikaa hapo kwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu, kandili mapajani, na katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na furaha ya wizi kama ile.

Agnes akatokeza mlangoni na trei ya glasi.

"Mpwa wangu!" Mzee alinyanyua mikono. "Umechagua mtu! Nimemkuta juu ya paa!"

Glasi ziligongana kwenye trei. Mama Judith alikuja nyuma akifuta mikono, akaona, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, huyo..."

Yakobo alisimama.

"Mzee, nisamehe. Nilitakiwa kusema mapema kuliko hivi. Mimi si mkwe. Mchumba wa Agnes yuko njiani, anaitwa Eustace. Mimi ni fundi tu."

Mzee Mwinshehe alimtazama, kisha akakitazama kigoda, kisha akamtazama dada yake. Hakuonekana mtu aliyeaibika. Alionekana mtu anayepiga hesabu.

"Judith, umeshamlipa?"

"Hapana, kaka. Kila nikimuuliza anasema tutaongea."

"Nimeishi miaka sabini na moja," mzee alisema. "Nimejengewa nyumba tatu. Nionyeshe fundi mwingine aliyefanya kazi wiki tatu hajauliza malipo, nami nitamwita huyu fundi tu."

Mvua ilisikika kwenye migomba. Agnes alikuwa bado ameshika trei.

"Yakobo," alisema. "Kwa nini hukuuliza?"

Angeweza kusema uongo. Vinubhai alimjia kichwani na miwani yake.

"Kwa sababu ningelipwa, kazi ingekwisha."

"Kazi ingekwisha, halafu?"

"Halafu ningeshuka Mkuyuni, nisiwe na sababu ya kupanda tena. Agnes, nakupenda. Tangu siku uliponiambia sanduku la bibi linakwaruza. Najua si haki kusema leo, kwenye baraza lako, mgeni wako akiwa njiani. Nimepamba nyumba hii ili mwanamume mwingine aipende, na nimeipamba kwa moyo wangu wote, kwa sababu wewe uliitaka iwe nzuri. Nimemaliza. Naomba niondoke."

"Pipiii!" Honi ikalia chini ya mteremko.

*

Eustace alipanda akiwa na tope mpaka magotini, boksi refu begani, na kwa haki kabisa alikuwa mtu mzuri wa kutazama. Alisalimia kwa adabu, "Shikamooni wazee," akambusu Agnes shavuni, akaliegemeza boksi ukutani. Picha juu yake ilionyesha mti wa plastiki wenye theluji.

"Poleni kusubiri. Nyie mnaishi mbali!" Akachungulia ndani. Macho yakazunguka sebule nzima, na Yakobo, aliyekuwa amekwama kando na kandili yake mkononi, akaona kwamba hata yeye nyumba ilimgusa. "Lakini hapa... aisee, Agnes. Nilikucheka, ila ukiiona kwa macho ni kitu kingine. Wazungu wanakufa kwa vitu kama hivi."

Agnes akatabasamu, nusu.

"Umependa?"

"Nina rafiki yangu anaendesha lodge. Nilimtumia zile picha zako, anakuja Januari kuiona. Tukishafunga ndoa wewe utakuwa Dar na mimi, hapa wanakaa wageni. Nimeshafikiria yote."

"Wageni," Agnes alisema. "Na mama?"

"Mama tunampangishia chumba kizuri Moro mjini. Atapumzika na hii milima."

Mama Judith, ambaye hajawahi kuomba kupumzika na milima, aliitazama miguu yake.

"Eustace, uliniambia utahamia hapa. Uliniambia utafuata mila ya kwetu. Ulinitamkia hivyo."

"Babe, si ilikuwa ni kuongea tu? Ungependa nikwambie nini? Mwanamume gani wa leo anahamia ukweni?" Alicheka, akatafuta mtu wa kucheka naye, macho yakatua kwa Yakobo. "Fundi, hebu tusaidie. Hizo taa za mafuta zishushe, tufunge huu mti. Na hiki kigoda kisogeze, mtu atajikwaa."

Yakobo hakusogea. Mzee Mwinshehe hakusogea.

"Kiache," Agnes alisema.

"Nini?"

"Kigoda. Kiache hapohapo." Akaweka trei chini.  "Mjomba, uliniambia nimechagua mtu. Huyu hapa ndiye niliyekuwa nimemchagua. Lakini uliyemkalisha pale hukukosea. Mimi ndiye niliyekosea."

"Agnes, unasema nini mbele ya watu?"

"Nasema rudi na mti wako, Eustace. Sina ubaya na wewe. Uliitazama nyumba ya bibi yangu ukaona wageni, na mimi nilikuwa nakutafutia wewe mahali pa kukaa."

Eustace alilitazama lile boksi lake. Alikuwa mwekundu wa macho, na Yakobo, amini usiamini, alimwonea huruma. Alijua ladha ya kitu kile.

"Akae ale kwanza," mjomba alisema. "Hakuna anayetoka kwenye nyumba hii na njaa siku ya mkesha."

Basi Eustace alikula. Alikula wali na kuku wa kienyeji kwenye ile meza ya gunia, na Mama Judith akamwongeza mchuzi bila kuombwa. Alipomaliza akashukuru, akanyanyua boksi lake. Gari lilikuwa limezama tairi la nyuma, na aliyelisukuma hadi likatoka, tope likimrukia kifuani, alikuwa Yakobo.

Eustace alishusha kioo.

"Kweli wewe ni fundi?"

"Ni fundi kweli."

"Hiyo nyumba," Eustace alisema, "nzuri sana." Akaondoka.

*

Yakobo alirudi kuchukua ngazi yake. Ndivyo alivyojiambia, ngazi tu. Agnes alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kandili miguuni, anaiwasha ingawa bado kulikuwa kweupe.

"Nikuulize, Yakobo. Ile kandili ya dirishani niliisogeza mara ngapi?"

"Mara nne. Kisha ikarudi ilipokuwa."

"Na ile ya juu ya kabati?"

"Mara tano. Ile ilinichosha."

"Unadhani sijui kupima ukuta kwa macho? Nashona mapazia miaka sita." Aliinamisha kichwa pembeni, lakini safari hii hakucheka. "Nilikuwa najiambia nataka pawe sawa kwa ajili ya Eustace. Kila nikisema piga msumari, najua misumari iliyobaki imepungua mmoja, basi nasema rudisha. Sikujua ninachofanya. Naapa sikujua, mpaka nilipokukuta umekaa pale."

Yakobo aliiegemeza ngazi ukutani tena. 

"Agnes, mimi nina begi na randa. Sina kingine."

"Babu alikuwa na begi na shoka." Akasimama, akampa kandili. "Kigoda kimepata mwenyewe, hii haina pa kukaa. Itundike."

"Wapi?"

"Juu ya mlango. Ionekane toka bondeni."

Yakobo akapanda ngazi. Kule chini kengele ya kigango ilianza kuwaita watu wa mkesha, na wakulima walikuwa wanapanda kwa makundi na miavuli yao. Wengine walisimama njiani wakaelekeza vidole, maana nyumba ya bibi ilikuwa inawaka taa za kale kila dirisha, na hawakuwahi kuiona imependeza hivyo.

"Hapa?" aliuliza.

"Kushoto kidogo."

"Hapa?"

"Hebu rudisha."

Ndani, sauti ya Mzee Mwinshehe ikasikika, karanga zimemjaa mdomoni.

"Nyie! Barua ya posa nataka ifike Gairo kabla ya mwezi wa kwanza kuisha! Na hiyo taa, mtaitundika leo au mtaitembeza mpaka Pasaka?"

"Tunaitundika, mjomba!" walijibu kwa pamoja, na Yakobo akapiga msumari.